Mzee ana vinyago ndani na mnataka kuvionyesha kwa watu? Anzieni hapa

Juzi kuna jamaa kaniuliza, baba mkwe wake ana vinyago, viti vya kimila, ngao, ngoma na vikorokoro vingine kama mia hivi ndani ya nyumba pale Upanga, mzee kavikusanya toka miaka ya sabini alivyokuwa anafanya kazi mikoani, sasa watoto wanataka vionyeshwe kwa watu hata wiki mbili tu, waanzie wapi? Nikaanza kumjibu kwa kurekodi sauti, nikaona dakika zinakimbia na bado sijafika hata kwenye bungua, wale wadudu wanaotoboa mti, nikasema ngoja niandike tu.

Mimi sio msomi wa makumbusho, ni mtu wa mbao na taa. Maonyesho ya namna hii nimeshika kama matano sita hapa Dar, mawili yaliniharibikia, kwa hiyo mengine humu nimejifunza kwa kuumia.

Kosa la kwanza ambalo karibu kila familia inafanya ni kukimbilia ukumbi, wanalipia kabisa tarehe halafu ndo wanaanza kuuliza hiki kitu ni cha wapi. Acheni ukumbi kwanza. Kaeni na mzee, chai iwepo, simu iwe inarekodi, kitu kimoja kimoja kinaletwa mezani na mnamuuliza ulikipata wapi, kijiji gani, kwa nani, mwaka gani, ulinunua au ulipewa, na huyo aliyekupa alikuwa anakitumia kufanyia nini. Msimuulize kama polisi, atafunga mdomo. Muacheni apige stori za gari kukwama Masasi wakati wa masika, humo humo ndani ya stori jina la kijiji litatoka lenyewe. Akisema "nilinunua tu kwa muuzaji pale mjini" andikeni hivyo hivyo, msimtungie maneno.

Kila kitu kinapewa namba, namba iandikwe kwenye kikaratasi kinachofungwa na uzi wa pamba, tafadhali sana msiandike na kalamu ya wino juu ya mti wala msibandike selotepu, nimeshaona kiti cha miaka mingi kimeng'oka rangi yote ya juu kwa sababu ya selotepu. Halafu picha. Mbele, nyuma, chini, pembeni, kila ufa, kila shanga iliyokatika, na rula iwe inaonekana pembeni. Simu ya kawaida inatosha ila piga nje kivulini.

Najua hapo kwenye picha watu huwa wananiona nasumbua, ngoja niwape mambo mawili ambayo yalitokea kweli.

La kwanza ni vigango. Hivi ni vile vibao virefu vilivyochongwa ambavyo Wamijikenda wa pwani ya Kenya, hasa Wagiriama, wanasimamisha kwa ajili ya marehemu waliokuwa kwenye chama cha Gohu. Kikishasimamishwa hakihamishwi, hata familia ikihama kijiji kinabaki pale pale. Sasa kuna mzee mmoja wa upande wa Kilifi, mwaka 1985 mtafiti alimpiga picha akiwa pamoja na vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake, haikuchukua muda vikaibiwa. Miaka mingi baadae kimoja kikaonekana kwenye makumbusho Illinois na kingine Virginia kwenye chuo cha Hampton, Marekani huko, vimeingia kama mali halali ya kununuliwa na kugawiwa. Ile picha ya 1985 ndo iliyovirudisha, vikapelekwa Kenya 2006 na 2007. Bila picha ilikuwa basi, ingekuwa maneno ya watu wa kijijini dhidi ya makaratasi ya watu wa makumbusho.

La pili ni letu kabisa. Makumbusho ya Taifa hapa Dar iliibiwa vitu mwaka 1984, kimojawapo kinyago cha Kimakonde. Mwaka uliofuata kinyago hicho kikanunuliwa Paris na makumbusho ya watu binafsi ya Geneva, Barbier-Mueller. Mwaka 1990 mtaalamu mmoja akakitambua akaandika barua, na mazungumzo yakaenda hadi Mei 2010 ndo kikakabidhiwa rasmi kwa Tanzania. Miaka 20 ya barua kwa kinyago kimoja! Na hao walionunua ni watu wazito wenye wataalamu wao, je mzee wetu aliyekuwa ananunua jioni kwenye ngazi za hoteli?

Kwa hiyo ukishamaliza kuandika daftarini yote aliyosema mzee, vitu vinagawanyika vyenyewe. Kuna vyenye stori iliyonyooka, hivyo ndo maonyesho yako. Kuna vya "sijui nilikitoa wapi", hivyo unaweza kuweka ila useme hivyo kwenye lebo. Na kuna vya kutoa kabisa, na hapa mtabishana na familia kwa sababu mara nyingi ndo vile vizuri kuliko vyote.

Kigango hakiwekwi. Hata kama mzee alinunua kwa hela yake na risiti anayo, yule aliyemuuzia hakuwa na haki ya kukiuza, kile ni sawa na mtu kang'oa msalaba wa kaburini kwenu. Cha kufanya ni kutafuta njia ya kukirudisha, mnaanzia Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

Nyara nazo. Watu wanasahau kabisa kwamba vitu vya asili vimejaa wanyama, ngozi ya mbega kwenye vazi la ngoma, ngozi ya chui, manyoya ya mbuni, bangili ya pembe ya ndovu, usinga wa mkia wa nyumbu. Kwa Sheria ya Wanyamapori ya 2009 kukaa na nyara bila hati ni kesi, na sio kesi ya faini ya buku tano. Nendeni kwa watu wa wanyamapori kabla hamjabandika tangazo lenye picha ya ngozi ya chui mtaa mzima. Kama mzee ana vile vinyago vidogo vya pembe vya Walega wa Kongo, vya chama cha Bwami, ni vizuri mno lakini pembe ya ndovu kuvuka nayo mpaka ni balaa, acheni ndani.

Na kama kuna mlango wa kuchonga wa zamani au kitu cha kale na mnafikiria kukipeleka nje ya nchi, huku tuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, Kenya wana yao ya 2006 inayolinda hadi milango na fremu zilizochongwa kabla ya 1946. Kutoa nje bila kibali hapana. Kuonyesha hapa hapa nchini ni rahisi zaidi, ila piga hodi Idara ya Mambo ya Kale, watu wanawaogopa bure.

Alafu kuna feki. Usimwambie mzee "hii feki" mbele ya wajukuu, ila wewe ujue. Mpingo halisi ni mzito, kipande chake kinazama kwenye maji, na chini ya kitako utaona rangi ya mti inabadilika kutoka nyeusi kwenda kwenye ile njano ya nje ya gogo. Feki ni mti mwepesi umepakwa rangi ya viatu. Chukua pamba nyeupe, weka tone la spiriti, futa chini kabisa sehemu isiyoonekana, pamba ikitoka nyeusi tii jibu umepata. Tena mpingo sio kwamba ndo uzee, ile mitindo ya shetani na ile ya ujamaa ya watu wamepandana kama mnara imeanza miaka ya hamsini na sitini hapa hapa Tanzania, na vinyago vya kuchezea ngoma vya Wamakonde kwa kawaida havichongwi kwa mpingo, ni mti mwepesi kwa sababu mtu anavaa anacheza nacho. Kwa hiyo kinyago cha kuvaa cha mpingo mzito kimechongewa watalii, sio dhambi, kiwekeni ila kisiitwe cha mila.

Sasa bungua. Hapa naomba mnisikilize vizuri maana ndo palipoharibika maonyesho yangu ya pili.

Nililetewa kiti cha miguu mitatu cha mkulima mmoja wa bara, kizuri, kina vitundu vidogo vidogo kwa pembeni, nikasema ah vya zamani hivyo, nikakiweka stoo pamoja na vitu vya familia nyingine. Baada ya wiki tatu nikaona chini ya mwana hiti wa Kizaramo, kale kamdoli ka mti anakopewa mwali akiwa ndani, kuna unga mweupe kama unga wa muhogo umejimwaga kamlima kadogo. Wameshahamia. Kukaa na mama wa watu kumueleza kwamba mwana hiti wa bibi yake analiwa kwa uzembe wangu, sitaki tena maishani.

Toka siku hiyo, kila kitu cha mti kikiingia kwangu kinalala siku kadhaa juu ya kitambaa cheusi, peke yake, mbali na vingine. Ukikuta unga mpya, rangi ya krimu, bungua wako hai. Vitundu vyenye kingo nyeusi visivyotoa unga ni vya zamani. Msipulizie dawa ya mbu wala kupaka mafuta ya taa, rangi inaharibika na harufu inakaa milele. Dawa yake ni baridi: funga kitu ndani ya plastiki nzito mara mbili, kamua hewa, ziba na gundi ya karatasi, weka kwenye friza inayofika nyuzi 20 chini ya sifuri, iache wiki mbili nzima. Ukitoa usifungue siku hiyo, acha siku nzima ndani ya plastiki hadi kipate joto la chumba, yale majimaji yatoke nje ya plastiki na sio kwenye mti. Umeme ukikatika katikati ya wiki hizo mbili, anza kuhesabu upya. Na usigandishe vitu vyenye pembe ya ndovu, vioo, nta au rangi inayobanduka, hivyo tafuta mtu wa makumbusho akusaidie.

Kama mkusanyaji alikuwa mzungu wa zamani au vitu viliwahi kukaa makumbusho, vaeni glavu na msiwape watoto, zamani walikuwa wanamwagia sumu kali kweli, arseniki na DDT, na bado imo kwenye manyoya na ngozi.

Mkataba andikeni hata kama ni baba yako mzazi. Orodha yenye namba na picha, hali ya kila kitu siku kinapotoka nyumbani, tarehe ya kurudi, nani analipa usafiri, nani anaruhusiwa kupiga picha na kuzitumia, na kwamba hakuna kinachouzwa ukumbini. Hiyo ya mwisho muhimu, maana atakuja mtu na dola ufunguzi utakuwa haujaisha. Bima muwaulize mapema, na sisitizeni iwe toka kitu kinapotoka kwenye rafu ya mzee hadi kinaporudi kwenye rafu hiyo hiyo, sio ukumbini tu, maana vitu vinavunjikia kwenye Noah njiani.

Ukumbi wowote mkavu usio na dirisha la jua la saa kumi unafaa, iwe kituo cha utamaduni, shule, hata chumba cha mbele cha nyumba. Kikubwa ni hali ya hewa isiyorukaruka. Watu wanawasha kiyoyozi mchana kwa ajili ya wageni, usiku wanazima kubana bili, mti unakauka unalowa unakauka, asubuhi moja unasikia ta! mpingo umepasuka kutoka kidevuni hadi kifuani. Bora feni siku zote kuliko kiyoyozi nusu siku. Taa tumia za LED, kwa nguo, ngozi, manyoya na vitu vya magome ya miti mwanga uwe mdogo, lux 50 hivi, mti unaweza kwenda hadi 200. Kuna programu za simu za kupima, sio sahihi sana ila zinakutoa gizani.

Masanduku ya kuwekea vitu chongesheni Keko, pakeni rangi halafu yaacheni yakae hata wiki mbili harufu iishe. Stendi za vinyago nenda Gerezani fundi akukunjie nondo nyembamba, halafu kila sehemu inayogusa mti ivishwe mpira wa dripu, ule wa duka la dawa, unakata urefu wako unauingiza. Hakuna msumari, hakuna waya uchi. Kitu kikae jinsi kilivyokuwa kinatumika, kiti kiwe chini kama kiti, usikipandishe kifuani kwa mtu kama kombe la mpira. Kifaa cha usoni kiwe kimo cha uso.

Mimi nilikuwa napenda sana kugeuza vinyago watu waone nyuma, maana huko ndani ndo kuna ushahidi, jasho limepolisha mti, matundu ya kamba yamelika. Kwenye maonyesho ya kwanza nikaweka lipiko, kile cha Kimakonde cha kuvaa kichwani kama kofia, mlangoni kabisa, kimesimama wima na kioo kwa nyuma. Akaja mzee mmoja wa Newala. Shikamoo mzee. Marahaba. Akakizunguka kimya, kisha akanivuta pembeni.

"Kijana wangu, hiki umekisimamisha kama kichwa kilichokatwa. Kinalala nyuma hivi," akaonyesha kwa kiganja, "mchezaji anaonea mdomoni. Na hicho kioo toa."

Nikauliza kwa nini kioo.

"Wanawake na watoto wanapita hapa. Kwetu hawaambiwi kwamba ndani kuna mtu."

Nikatoa kioo siku ile ile, nikakisogeza ukutani. Kuna msomi mmoja alinicheka, kwamba siku hizi kila mtu anajua, mapiko, ndo wingi wa lipiko, yanaonekana hadi kwenye simu. Sawa, lakini mwenye nacho kaniambia toa. Ndo maana sasa hivi wiki moja kabla ya kufungua naalika watu wawili watatu wa kule vitu vilikotoka, hapa Dar huwakosi, Wazaramo, Wasukuma, Wamakonde wapo, wanapita na mimi bila wageni, wakisema hiki kigeuze nageuza, wakisema hiki funika nafunika. Nauli na chakula chao nimeviweka kwenye bajeti kabla ya maua.

Lebo. Lebo mbaya zaidi ni hii: "Kinyago. Kabila: Makonde. Kale." Kale lini? Cha nini? Makonde wa Newala au wa Mueda ng'ambo ya Ruvuma? Ukiandika "sanaa ya makabila ya Afrika" ndo umeharibu kabisa, hiyo ni kama kuandika "chakula cha dunia". Mfano wa lebo niliyoitumia mimi: "Mwana hiti. Wazaramo, Kisarawe. Mti na shanga. Mwali aliutunza na kuupaka mafuta kipindi alichokuwa ndani. Huu ulikuwa wa bibi wa mwenye nyumba, jina la mchongaji halikuhifadhiwa." Kiswahili kiwe juu na herufi kubwa, kiingereza kama mnataka kiwe chini. Jina la mchongaji likijulikana liende mstari wa kwanza, wachongaji wetu wamefanywa "asiyejulikana" hata pale ambapo muuzaji alikuwa anamjua hadi nyumbani kwake.

Kama familia inawaza mbali zaidi ya wiki mbili, wakaangalie alichofanya Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais wa Kenya mwaka 1966. Alikusanya vitu na maelfu ya vitabu maisha yake yote, mwaka 1972 yeye na mkewe Sheila na Alan Donovan wakaanzisha African Heritage, na leo ukiingia Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue Nairobi, chini pale mkusanyiko wake unauona, mwingine uko Nairobi Gallery, ile ofisi ya zamani ya mwaka 1913. Ila nyumba yake ya Muthaiga aliyotaka iwe kituo ilikuja kubomolewa. Makubaliano ya vitu na makubaliano ya nyumba yaandikeni tofauti, yote kwa mwanasheria, mzee akiwa bado anasaini mwenyewe.

Siku ya kufunga usiwaachie vijana wa ukumbi wapange vitu kwenye maboksi. Panga mwenyewe, karatasi nyeupe isiyo na maandishi, gazeti hapana wino unahamia, kinachotoka sandukuni kinaangaliwa na picha yake ya siku ya kwanza kabla hakijafungwa. Maonyesho ya mwisho niliyoshika, tumefika nyumbani usiku, mama mwenye nyumba akafungua boksi la ngoma, akaniangalia, "Baba, kauri moja haipo hapa pembeni." Nikatoa simu, picha ya namba 14, ya kabla hatujatoka hapo kwake, nikavuta karibu. Kauri zilikuwa saba na tundu moja tupu. Akavaa miwani akahesabu kwa kidole mara mbili, akasema ingieni mle.